Elimu ya Seli Shina katika Nuru ya Sura Al-Fatiha





Siku hizi vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, wanaingia vyuo vikuu kujifunza elimu ya viumbe hai na uganga. Miongoni mwa masomo wanayokutana nayo huko ni elimu ya seli shina, pamoja na tiba itokanayo nayo, yaani tiba ya kuvirudishia uzima viungo vya mwili vilivyoharibika. Wazazi husikia habari hizi wakaingiwa na wasiwasi. Wengine huuliza: Je, kijana Mwislamu aweza kusoma somo hili bila kuidhuru imani yake? Je, si kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu? Na wengine, ambao wana mgonjwa nyumbani, huuliza swali lililo zito zaidi: Je, dawa inayotangazwa kwa jina hili ni kweli au ni udanganyifu?

Maswali haya yanastahili kujibiwa kwa utulivu. Kusema "haramu" kabla ya kujua jambo lenyewe ni lipi, si njia ya Mwislamu. Kadhalika kusema "ni sayansi, basi ni kweli" bila kupima, si njia yake pia. Islam imetufundisha kuchunguza kwanza, kisha kuhukumu.

Somo hili tutalipanga kwa kufuata sifa nne za Mwenyezi Mungu zilizotajwa mwanzoni mwa Sura Al-Fatiha: Rabb, Rahman, Rahim, na Mwenye kumiliki Siku ya Malipo. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alizieleza sifa hizi kwa urefu katika vitabu vyake, akaonyesha kuwa ndizo mama wa sifa nyingine zote.

Lakini kabla ya kuanza, yafaa ieleweke jambo moja. Hatusemi kwamba Sura Al-Fatiha imetaja seli shina. Wako watu ambao kila kinapogunduliwa kitu kipya hukimbilia kutafuta aya ya kuifunga nacho. Jambo hili lina hatari. Kurani Tukufu ni neno la Mungu, na ulimwengu ni kazi ya Mungu, na viwili hivi havipingani kamwe. Lakini maelezo ya wanadamu juu ya ulimwengu hubadilika. Mwenye kuifunga aya na maelezo ya mwaka huu, atalazimika kuifungua mwaka ujao, na wakati huo ataona haya mbele ya watu. Sisi twataka kujifunza kazi ya Mungu kwa moyo ulioelekezwa na neno Lake, basi.

RABB: MLEZI WA HATUA KWA HATUA

Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu, kama Imam Raghib, wameeleza kwamba neno Rabb lina maana ya kukilea kitu hatua kwa hatua mpaka kifikie ukamilifu wake. Mwanafunzi wa elimu ya seli huiona maana hii kwa macho yake kila siku.

Mwili wa mtu mzima umejengwa kwa seli zipatazo trilioni 30. Zote zimetokana na seli moja tu, ile iliyopatikana mbegu ya baba ilipokutana na yai la mama. Ajabu ni kwamba karibu kila seli kati ya hizo inabeba maandiko yale yale ya urithi. Seli ya jicho inayo maandiko ya kutengeneza ngozi, na seli ya ngozi inayo maandiko ya kutengeneza mfupa. Lakini kila moja husoma sehemu iliyo yake na kuziacha nyingine zimefungwa. Ni kama nyumba kubwa ambamo kila mfanyakazi amepewa kitabu kile kile kinene: mpishi hufungua mlango wa upishi, fundi hufungua mlango wa ufundi, wala hawaingiliani.

Basi seli shina ni ipi? Ni seli ambayo haijaingia katika kazi maalum, nayo ina uwezo wa namna mbili. Kwanza, inapogawanyika yaweza kutoa nyingine iliyo kama yenyewe, hivyo haiishi. Pili, yaweza kutoa seli zitakazokomaa na kushika kazi yake mwilini. Mfano wake wautazame mgomba. Mgomba uliozaa mkungu hukatwa na kuisha, lakini shina lililofichika ardhini linabaki, nalo hutoa machipukizi mwaka baada ya mwaka. Mwenye shamba hali shina, hula ndizi. Lakini shina likioza, shamba limekwisha.

Seli shina hazina daraja moja. Zile za mimba changa sana, katika siku za mwanzo, zaweza kutoa kila aina ya seli ya mwili. Zile za mtu aliyekwisha zaliwa zina uwezo wenye mipaka: zilizomo ndani ya uboho wa mifupa hutoa damu, zilizomo katika utumbo hutoa utando wa utumbo, na zilizomo katika ngozi hutoa ngozi. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Na ili pengo lake lizibwe, uboho hutoa seli mpya zipatazo milioni 2 kwa kila sekunde moja. Utando wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Wewe msomaji, tangu ulipoanza kusoma makala hii mpaka hapa, umekwisha kulelewa upya mara nyingi bila kujua.

Lakini si kila kiungo kilichopewa uwezo huu kwa kadiri moja. Moyo ukikosa damu na sehemu yake ikafa, mahali pale huota kovu, wala nyama mpya ya moyo haioti ya kutosha. Ubongo na uti wa mgongo pia hujitengeneza kwa shida sana. Hapo ndipo tiba mpya inapoelekeza matumaini yake, na hapo ndipo pia wadanganyifu wanapotega mitego yao, kama tutakavyoona.

Uthibitisho wa seli hizi ulianza kupatikana Toronto, nchini Kanada. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch waliwapiga panya kwa mionzi mpaka uboho wao ukafa, kisha wakawatilia uboho wa panya wazima. Baada ya siku chache waliona vinundu vidogo juu ya wengu za panya hao. Mwaka 1963, wakishirikiana na mwenzao Andrew Becker, walionyesha kwamba kila kinundu kilitokana na seli moja tu. Toka seli moja, jamii nzima ya damu!

RAHMAN: MTOAJI WA VIPAWA BILA JASHO LETU

Sifa ya Rahman, kama Seyidna Ahmad a.s. alivyoifafanua, ni ile neema inayotolewa kabla ya amali yoyote ya kiumbe. Jua, hewa na maji tumepewa kabla hatujaomba. Vivyo hivyo dawa nyingi zilikuwa zimewekwa ndani ya miili yetu wenyewe karne nyingi kabla ya kuwako maabara.

Tuchukue uboho. Mwaka 1968, huko Minnesota nchini Marekani, Robert Good na wenzake walimponya mtoto aliyezaliwa bila kinga ya mwili kwa kumpa uboho wa dada yake. E. Donnall Thomas, aliyeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya damu, alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 wagonjwa zaidi ya milioni 1 duniani walikuwa wamekwisha kupandikizwa seli shina za damu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba tiba ya seli shina yote ni ndoto ya kesho. Sehemu yake moja ni tiba ya hakika iliyozoeleka.

Tuchukue damu ya kitovu. Tangu zamani kondo la nyuma na kitovu vilizikwa ama kutupwa. Mwaka 1988, mjini Paris, Eliane Gluckman alitumia damu iliyobaki katika kitovu cha mtoto mchanga kumtibu ndugu yake aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu. Kilichokuwa taka kikawa uhai.

Tuchukue ngozi. Mwaka 1975 Howard Green na James Rheinwald walipata njia ya kuikuza ngozi ya binadamu nje ya mwili. Mwaka 1983 njia hiyo ilitumika kuwaokoa watoto wawili huko Marekani walioungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao. Kipande kidogo cha ngozi iliyosalimika kilikuzwa mpaka kikatosha kuwafunika. Nako Italia, Graziella Pellegrini na Michele De Luca walitumia njia iliyo jamaa na hiyo kukuza seli za pembeni mwa kioo cha jicho, na watu waliopofushwa na tindikali wakaona tena. Tiba hiyo ilipewa idhini ya Ulaya mwaka 2015.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu sana kwa sababu ya ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alionyesha kutokana na uchunguzi wake katika Afrika Mashariki kwamba mwenye kurithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo imeenea penye malaria. Lakini mtoto anayerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia huugua: seli zake nyekundu hujipinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na kumletea maumivu makali.

Mtoto wa namna hii aweza kuponywa kwa uboho wa ndugu ambaye alama za kinga za mwili wake zinalingana na zake. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kulingana hivyo. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Hii ni habari ya kumshukuru Mungu. Lakini mzazi asisahau kwamba tiba hii ni nzito, ina hatari zake, na haimfai kila mgonjwa. Mgonjwa aendelee na kliniki yake na dawa alizopewa, mpaka matabibu wenyewe wamwambie vingine.

RAHIM: MWENYE KULIPA JUHUDI

Sifa ya tatu, Rahim, ni ile inayoleta matunda juu ya juhudi. Waswahili husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa ndipo mwanafunzi wetu anapaswa kujitazama sana.

John Gurdon wa Uingereza, alipokuwa kijana wa shule, alishika mkia katika elimu ya viumbe, na mwalimu wake aliandika mwaka 1949 kwamba fikira ya kijana huyo kuwa mwanasayansi haina maana. Hakukata tamaa. Mwaka 1962 alichapisha habari ya majaribio yake huko Oxford: alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kimeharibiwa, na yai hilo likakua. Hivyo alionyesha kwamba seli iliyokwisha shika kazi haikuyapoteza maandiko yake; yalikuwa yamefungwa tu.

Mwaka 1996, karibu na Edinburgh, Ian Wilmut na Keith Campbell na wenzao walipata kondoo aitwaye Dolly kwa njia hiyo hiyo. Mayai 277 yalijaribiwa, akazaliwa kondoo huyo mmoja.

Kisha akaja Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, pamoja na msaidizi wake Kazutoshi Takahashi. Waliorodhesha jeni 24 zilizodhaniwa kuwa na nguvu ya kuirudisha seli utotoni. Wakazijaribu zote pamoja, kisha wakawa wakiondoa moja moja, mpaka wakabakiwa na 4 tu. Mwaka 2006 walitangaza kwamba jeni hizo 4, zikitiwa ndani ya seli ya kawaida ya panya, huirudisha kuwa seli shina yenye uwezo kama wa mimba changa. Mwaka 2007 jambo hilo lilifanywa kwa seli za ngozi ya binadamu. Mwaka 2012 Gurdon na Yamanaka walipewa tuzo ya Nobel kwa pamoja, miaka 50 baada ya kazi ya yule kijana aliyeambiwa hafai.

Je, Yamanaka ameumba? La. Alichukua seli iliyokuwapo, yenye maandiko yaliyokuwamo, akafungua kurasa zilizofungwa kwa funguo zilizomo ndani ya kitabu chenyewe. Mkulima aoteshaye mbegu hasemwi kuwa ameumba mti. Kwa hiyo hofu ya wazee kwamba mwanafunzi anashindana na Muumba haina msingi. Kadiri anavyoijua kazi hii ndivyo anavyoona udogo wake mwenyewe.

Sasa, ndugu mwanafunzi, ukitaka kuingia katika elimu hii ujue inavyodai. Utaanza na elimu ya seli, kemia ya viumbe, elimu ya urithi, elimu ya ukuaji wa mimba, elimu ya kinga ya mwili, na hesabu za takwimu. Wengi hulikimbia somo la takwimu, na hilo ni kosa, kwani asiyejua kupima idadi hawezi kutofautisha dawa na bahati. Halafu utaingia maabara. Seli hukuzwa katika sahani, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37 na hewa ya kaboni ya asilimia 5, nazo hubadilishiwa maji ya chakula kila siku ama kila baada ya siku mbili. Kuvu mmoja akiingia kwa uzembe wako, kazi ya majuma mengi imepotea. Seli hazijui sikukuu. Basi panga zamu na wenzako mapema, uwasaidie wao Jumapili ili nao wakushikie nafasi saa ya Sala ya Ijumaa. Nidhamu ya sala tano ni shule nzuri kwa mtu ambaye kazi yake yataka saa zilizowekwa.

Wala usidhani kwamba dini na elimu hii havikai katika kifua kimoja. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa mwanachuoni wa sheria ya madhehebu ya Shafii, na ndiye aliyeeleza jinsi damu inavyopita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo hadi wa pili. Na katika Jumuiya yetu, Profesa Abdus Salam, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alianzisha huko Trieste, Italia, mwaka 1964, kituo cha kuwasaidia wanasayansi wa nchi maskini, ambacho leo kinaitwa kwa jina lake. Alikunywa kisima, kisha akawachotea wenzake.

MWENYE KUMILIKI SIKU YA MALIPO: TUTAULIZWA

Sifa ya nne yatukumbusha kwamba elimu ni amana, na amana itaulizwa. Hapa yako mambo manne.

La kwanza ni heshima ya mimba. Mwaka 1981 Martin Evans na Matthew Kaufman huko Cambridge, na Gail Martin huko California, walipata seli shina kutoka mimba changa za panya. Mwaka 1998 James Thomson wa Wisconsin alizipata kutoka mimba changa za binadamu, za siku chache tu, zilizokuwa zimetengenezwa maabara kwa ajili ya wanandoa wasiopata watoto na kubaki bila kutumika. Katika kuzitoa, mimba hiyo huharibika. Je, yafaa?

Sura Al-Muuminun imeeleza hatua za kuumbwa kwa mwanadamu tumboni, na mwishoni mwake inataja kufanywa kwake kiumbe kingine. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza hatua hizo kabla ya habari ya roho. Wanazuoni wengi wamehesabu kutokana nayo siku 120, wengine siku 40, na kwa hiyo wamehitilafiana katika hukumu. Seyidna Ahmad a.s., katika makala yake mashuhuri juu ya falsafa ya mafundisho ya Islam, iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, alieleza kwamba roho si kitu kishukacho kutoka nje na kuingia mwilini, bali huchipuka kwa amri ya Mungu kutoka ndani ya mbegu ile ile inayolelewa tumboni. Mwenye kuyatafakari maelezo haya hawezi kuitazama mimba changa kama takataka, hata ikiwa ndogo kuliko chembe ya mchanga. Uingereza nako, kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilipendekeza mwaka 1984 mpaka wa siku 14 kwa uchunguzi wa namna hii, na sheria ikapitishwa mwaka 1990. Hata wasio wa dini yetu waliona kwamba pahitajika mpaka.

Shukrani ni kwa Mwenyezi Mungu kwamba njia ya Yamanaka imewafungulia watafiti mlango usiopita katika kuharibu mimba. Seli za uboho, za kitovu na za ngozi hazina mgogoro huu. Mwanafunzi atakayejikuta mbele ya kazi inayomtia shaka, asijitolee fatwa mwenyewe, wala asichukue ya rafiki. Tunayo neema ya Ukhalifa. Aeleze jambo lake kwa ukamilifu na amwandikie Hadhrat Khalifatul Masih V a.t.b.a., apate mwongozo na dua.

La pili ni mpaka baina ya kutibu na kugeuza. Hadhrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifatul Masih IV r.h., katika kitabu chake kikubwa juu ya ufunuo, akili, elimu na ukweli, kilichotoka mwaka 1998, aliandika juu ya ufundi wa kubadili jeni, akatahadharisha kwa kutegemea aya ya Sura An-Nisaa inayohusu kubadili uumbaji wa Mwenyezi Mungu. Kurudisha kilichoharibika ni matibabu. Kutamani kumtengeneza mwanadamu wa namna nyingine ni kiburi.

La tatu ni ukweli. Miaka ya 2004 na 2005 Hwang Woo-suk wa Seoul alitangaza kwamba amepata seli shina kutoka mimba za binadamu zilizotengenezwa kwa njia ya Dolly. Dunia nzima ilimsifu. Ikagundulika kwamba matokeo yalikuwa ya kubuni, na mwaka 2006 makala zake zikafutwa. Uongo wa mwanachuoni si uongo wa mtu mmoja, kwani wagonjwa hujenga matumaini yao juu yake.

Sasa linganisheni mambo mawili. Mwaka 2014, huko Kobe, Masayo Takahashi na wenzake walimpandikiza mgonjwa wa macho, kwa mara ya kwanza duniani, seli zilizotokana na njia ya Yamanaka. Mwaka 2015 alikuwa tayari mgonjwa wa pili. Lakini walipozichunguza seli zake waliona mabadiliko katika jeni ambayo hawakuwa na hakika nayo, wakasimamisha kazi. Seli za namna hii zikiwa na kasoro zaweza kuota uvimbe, hata saratani. Huo ndio uaminifu. Nako Marekani, habari iliyochapishwa mwaka 2017 ilieleza wanawake watatu wazee waliolipa kliniki moja dola 5,000 kila mmoja, wakadungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya matumbo yao, macho yote mawili kwa siku moja. Waliingia wakiona hafifu. Wakatoka wakielekea upofu. Jina la dawa lilikuwa moja: seli shina. Tofauti ilikuwa taqwa ya mwenye kuishika.

Basi mwenye mgonjwa na aulize maswali haya kabla ya kutoa fedha yake: Je, seli hizi zinatoka wapi? Je, zimethibitishwa kwa ugonjwa huu hasa? Ni mamlaka gani ya serikali iliyotoa idhini? Anayedai kwamba seli zile zile zinaponya kisukari, kupooza, figo na uzee, huyo hata asiulizwe zaidi. Aondokewe. Na vidonge au poda inayouzwa mitaani kwa jina la seli shina isichukuliwe kuwa ndiyo tiba tuliyoieleza hapa, kwani uboho haupandikizwi kwa kijiko cha poda.

La nne ni haki ya maskini. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha namna ya kuikata jeni mahali maalum kama kwa mkasi, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kwa mkasi huo imetengenezwa tiba ya selimundu: seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hukatwa breki inayozuia damu ya namna ya utotoni isitengenezwe, kisha hurudishwa. Uingereza iliipa idhini mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi Desemba mwaka huo huo. Lakini bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Watoto wengi wa ugonjwa huu wako Afrika, na dawa iko mahali pasipo wao.

Nani ataurekebisha upotovu huu? Mwaka 1970 Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, Khalifatul Masih III r.h., alianzisha mpango wa Nusrat Jehan, ambao ulifungua hospitali na shule Afrika Magharibi kwa sadaka za Waahmadiyya. Madaktari waliitikia, wakaacha mishahara mikubwa. Leo twahitaji watu wa elimu hii mpya wenye moyo ule ule, watakaotafuta njia nyepesi na za bei ndogo, watakaofanya kazi Dodoma na Kisumu na Kampala. Asomaye seli shina ili apate kuishi vizuri ugenini hajatenda dhambi. Lakini asomaye ili mtoto wa jirani yake asilie usiku kwa maumivu ya mifupa, huyo masomo yake yamekuwa ibada.

Basi enyi wazazi, msiwazuie watoto wenu katika elimu hii. Wapeni dua, na waulizeni mara kwa mara kama wanasali. Enyi wanafunzi, someni kwa bidii, semeni kweli hata matokeo yakiwa kinyume na matarajio yenu, na mtukufuze Yule aliyelifunga fundo la uhai katika seli moja. Dumuni na ile dua ya Sura Ta-Ha, ambayo kwayo Mtume Mtukufu s.a.w. alifundishwa kuomba nyongeza ya elimu. Ikiwa yeye, mwenye elimu kuu kuliko wanadamu wote, aliamriwa aombe zaidi, ni nani kati yetu atakayesema imemtosha?

Mwenyezi Mungu awajalie vijana wetu elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na azifanye kazi za mikono yetu kuwa ushahidi wa rehema Yake. Amin.